Filemoni Akaukalia Mpira

"Basi mwambie anyooshe viganja," nilimwambia kaka yangu Hiza.

"Viganja vya nini? Umekuja kumposa?"

"Nataka kuviona. Mkata mkonge ana viganja kama gome la mti. Huyu wako ana viganja vya karani."

"Anavaa glavu."

"Glavu gani, Kaka? Tangu lini shamba lenu linagawa glavu?"

"Tangu Jumatatu."

Watu wakacheka. Kilichoniudhi ni kwamba waliocheka zaidi walikuwa wa upande wangu.

Tulikuwa katikati ya uwanja, mimi na ndugu yangu wa tumbo moja, tumetazamana kama majogoo. Mwamuzi, Mwalimu Mikaeli, alisimama kati yetu, mpira kwapani. Filemoni mwenyewe, ambaye viganja vyake ndivyo vilivyogombaniwa, alikuwa pembeni anatafuna muwa. Alikuwa mrefu kiasi kwamba ilimbidi ainame kidogo ili asikie tunavyomsema.

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita walifungiwa maandazi, nakumbusha kwa kifupi.

Ulikuwa mwaka wa njaa, sabini na nne. Mvua ilikataa Handeni nzima, tukaletewa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, yale mliyoyaita yanga. Serikali ilifanya vizuri kuyaleta. Ila yalikuwa magumu kama kokoto. Ukiyatia kwenye kinu yanaruka, yanakupiga usoni. Mashine ya kusaga iliyokuwa karibu ilikuwa Handeni mjini, na kina mama wa kijiji chetu, upande wa Sindeni, walikuwa wakienda huko kwa miguu na debe kichwani.

Ndipo ikaja mashine mpya kwa lori kutoka Tanga. Mashine moja, karatasi mbili. Karatasi moja ilisema ni ya kijiji chetu. Nyingine ilisema ni ya kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la mkonge huko Korogwe, ambalo jina nalihifadhi kwa sababu kaka yangu bado anakula kwao.

Bwana mmoja wa mkoani, mpenda michezo, akakata shauri: vijana washindane kwa mpira wa kikapu. Kulikuwa na mwalimu wa kujitolea, Mmarekani, aliyewahi kutufundishia vijana mchezo huo kabla hajarudi kwao. Yeye ndiye aliyetuachia habari kwamba huko kwao, bingwa wa wachezaji wa kulipwa hapatikani kwa mechi moja. Wanacheza mpaka saba, na atakayetangulia kushinda nne ndiye bingwa. Yule bwana akaipenda sana habari hiyo. Saba, akasema, ndiyo haki.

Mimi nilipendekeza turushe shilingi. Nikaambiwa hiyo ni kamari.

Mimi ni Bibi Maendeleo, nina diploma. Chuoni nilifundishwa kuchimba vyoo, kupima watoto uzito, na kupika mchicha bila kuua faida yake. Mpira wa kikapu haukuwemo. Kwa hiyo nikateuliwa meneja wa timu.

Tulicheza sita. Tukashinda tatu, wakashinda tatu. Katika ile ya sita ndipo akatokea huyu Filemoni, ambaye hakuna aliyekuwa amemwona kabla, akafunga karibu vikapu vyote yeye peke yake. Na nilipoishia wiki iliyopita, nilikuwa nimepata habari kwamba Filemoni hajawahi kushika kisu cha mkonge maishani mwake. Ni mchezaji kutoka Dar es Salaam, na kaka yangu alikuwa akimlipa. Sasa sharti letu la kwanza lilikuwa hilo hilo: wacheze wakulima na wafanyakazi. Mchezaji wa kulipwa marufuku. Tuache mambo ya Marekani yabaki Marekani.

Basi hapo ndipo tulipokuwa. Mechi ya saba, uwanja wa kando ya barabara iendayo Korogwe, watu wa pande zote mbili wamejaa, na mashine yenyewe imeshushwa kutoka kwenye lori na kuwekwa nyuma ya goli ili kila mtu aone anachokigombania. Walikuwa wameivisha maua ya mkrismasi kama bibi harusi.

"Mwaminifu haogopi kuonyesha viganja," nilisema.

Hiza akatia mkono mfukoni, akatoa kadi. "Viganja vya nini, na kipande chake hiki hapa? Tazama. Kila siku ina saini."

Mtu wa mashamba akikuonyesha kipande, umeonyeshwa kitu kizito. Kwa msiowahi kukaa kambini, kipande ni kadi ya kazi. Nyapara anakupimia kazi ya siku, matita kadhaa ya mkonge, na ukiyamaliza anakutilia saini, unakwenda zako. Bila saini hukufanya kazi, hata kama damu imekutoka.

"Amekata wapi?" niliuliza.

"Nani kasema kukata? Kazi yake ni hii hapa. Amepimiwa vikapu kama mwenzake anavyopimiwa matita. Wote watano nimewapimia. Vikapu vitano kila mtu."

Alisema hivyo kwa majivuno.

"Kwa hiyo wanalipwa kucheza," Mwalimu Mikaeli alisema.

"Wanalipwa kufanya kazi, Mwalimu. Kazi ndiyo imetokea kuwa mpira."

Yule bwana wa mkoani, aliyekaa kwenye meza ya wageni chini ya turubai, akafikiri. Akaomba maji. Akafikiri tena.

"Mfanyakazi ni mfanyakazi," akasema mwishowe. "Na acheze."

Watu wa Korogwe wakashangilia. Zuena, aliyekuwa kiongozi wa kina mama wetu na aliyekuja na debe lake la yanga tayari kwa kusagiwa siku hiyo hiyo, akaniangalia kama mtu aliyemwona daktari akitikisa kichwa.

Nilitaka kurudi zangu kwenye benchi. Lakini nilikuwa nimekwisha kupiga hatua mbili tatu nikasimama.

Baba yetu, mimi na Hiza, alikuwa mkata mkonge. Tulizaliwa kambini. Tulijua siku imekuwa njema au mbaya kwa kuangalia jua lilipokuwa baba alipotokea njiani. Tangu Hiza awe nyapara, mambo hayo alikuwa ameyaacha nyuma.

"Kaka," nilimwambia, "mtu akimaliza vikapu vyake vitano inakuwaje?"

"Akimaliza, anatiwa sa..."

Nikamwona akilimeza jibu lake, na likikwama.

Nikamgeukia mgeni wa heshima. "Bwana, nauliza kwa kujifunza tu. Mfanyakazi akimaliza kipande chake, nyapara ana haki ya kumzuia asiende nyumbani?"

Mnaokumbuka miaka ile mnajua. Mwongozo wa TANU ulikuwa umetoka, ule uliowakataza wakubwa kuwanyanyasa walio chini yao, na wafanyakazi waliushika kuliko walivyoshika nauli. Hakukuwa na kiongozi ambaye angesimama mbele ya wakata mkonge mia kadhaa na kusema nyapara ana haki.

"Hana," yule bwana alisema haraka.

"Asante. Tuanze."

Wachezaji wa Korogwe wakaangaliana. Mmoja wao, ninaapa, alianza kulegeza kamba za viatu kabla filimbi haijalia.

Mtaniuliza, kwa ujanja wote huo, kwa nini hatukushinda mechi zetu nne mapema tukaenda kusaga? Nitawaambia. Timu yetu ilikuwa na ugonjwa wake.

Katika mechi ya kwanza, mwanangu Sadala alifunga vikapu vingi kuliko wenzake wote wakijumlishwa. Tulishindwa hata hivyo, na kijiji kikaitisha mkutano. Mwenyekiti wetu, Mzee Muhidini, akasema tumeshindwa kwa sababu ya ubinafsi. Akamwita mwanangu bepari wa vikapu. Mwanangu aliyekuwa na kaptula moja.

Ikapitishwa kwamba tutacheza kama tunavyolima shamba la kijiji. Kwenye shamba kila mtu ana ngwe yake, sehemu aliyokatiwa ailime mpaka mwisho, na mtu haingii ngwe ya mwenzake. Uwanjani nako ikawa hivyo. Kila mtu afunge kwa zamu. Ikifika zamu yako ni ngwe yako, na haitoki kwako mpaka umefunga. Wengine watakupa mpira, watakuzuilia maadui, watakutia moyo. Lakini kufunga ni kwako.

Hilo pia lingeweza kuvumilika. Tatizo ni kwamba katiba ya kijiji ilisema Mwenyekiti ataongoza katika kila kazi. Kwa hiyo Mzee Muhidini, mwenye wajukuu, alikuwa mmoja wa wachezaji watano.

Mechi tatu tulizoshinda, mbili Mzee Muhidini alikuwa na homa, na moja alikwenda msibani Kang'ata.

Siku hiyo ya mechi ya saba alikuwa mzima kama kigongo.

Na jambo moja zaidi, ili mwende pamoja nami. Kitabu cha kanuni alichotuachia yule Mmarekani, Mwalimu Mikaeli alikuwa na nusu yake ya mwanzo tu. Nusu ya pili ililiwa na mbuzi wake mwenyewe, na tangu hapo kila palipotokea ubishi aliuliza kwanza kama ubishi huo uko kwenye kurasa zilizosalia.

Filimbi ikalia.

Sijapata kuona watu wakifanya kazi kama wale wa Korogwe. Walikuwa wanakimbilia nyumbani. Walitupiana mpira kama tofali la moto, wakafunga huku wakihesabu kwa sauti. Walituacha mbali mpaka Zuena akafunika debe lake kwa khanga.

"Bibi Maendeleo," aliniambia, "hii akili yako ya chuoni inatuua."

"Subiri."

"Nisubiri nini? Nizikwe?"

"Subiri, Zuena."

Kabla ya mapumziko, mchezaji wao wa kwanza akafunga kikapu chake cha tano. Mpira ulipotoka kwenye chuma hakuuangalia hata ulipoangukia. Alitembea mpaka kwa kaka yangu, akatoa kadi kwenye soksi.

"Saini, nyapara."

"Una wazimu? Rudi ndani."

"Nimemaliza."

"Mechi haijaisha."

"Mechi ni yako. Mimi kipande changu kimeisha."

Hiza akamwangalia mgeni wa heshima. Mgeni wa heshima akaangalia mawingu. Hiza akatia saini. Yule kijana akavaa shati, akapanda baiskeli yake, akashika barabara ya Korogwe bila kugeuka.

Wa pili aliondoka mara tu baada ya mapumziko. Wa tatu na wa nne walimaliza karibu pamoja, wakapakizana.

Korogwe ikabaki na Filemoni.

Sasa vijana wetu wakaanza kulima. Zamu kwa zamu, ngwe kwa ngwe. Filemoni alikuwa hodari, lakini mtu mmoja hawezi kuzuia watano, hata akiwa na mikono ya twiga. Ngwe ya kwanza ya Mzee Muhidini nilikuwa nikiiogopa tangu asubuhi. Aliimaliza kwa bahati: alirusha, mpira ukampiga Filemoni kisogoni, ukapaa, ukaingia. Mzee alinyanyua mkono kuitikia shangwe kana kwamba ndivyo alivyokusudia.

Tukawakaribia, na mtupo mmoja wa bure wa rafu ukatuongezea pointi moja. Ikawa wanatuzidi kwa pointi moja tu.

Na hapo ndipo kaka yangu akatumia ubongo alioubakiza.

"Filemoni," aliita. "Umebakiza vingapi?"

"Kimoja."

"Usikifunge. Umenisikia? Shika mpira ukae."

Filemoni akashika mpira. Akaangalia huku na huku. Kisha, katikati ya uwanja, akaukalia.

Sijui kama kule Marekani watu hufanya hivyo. Mwalimu Mikaeli akapekua kurasa zake zilizobaki. "Inakatazwa kutembea na mpira bila kuudunda," akasoma. "Kukaa sijakuona."

"Kuko kwenye nusu ya mbuzi," nilisema.

"Huenda. Lakini siwezi kuhukumu kwa nusu ya mbuzi, Mama Sadala."

Kwenye meza ya wageni ilikuwapo saa ya mezani ya Mwalimu Mikaeli, aliyoitega ilie mchezo utakapoisha. Niliisikia ikipiga mpaka nilipokuwa. Muda uliobaki ulitosha kuchemsha chai, si zaidi.

Nikasogea mpaka kwenye mstari. "Filemoni, mwanangu, umechoka?"

"Hapana, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hutaki kumaliza?"

"Nataka sana. Kuna gari la Mombo linapita sasa hivi. Mke wangu yuko Mazinde kwa mama yake, na nilimwambia leo nitafika."

"Sasa?"

"Sasa nimeambiwa nikae."

"Mwantumu," kaka yangu akapiga kelele, "usizungumze na mfanyakazi akiwa kazini."

Vijana wetu watano walikuwa wamemzunguka Filemoni wakimtazama kama watu waliokuta kobe njiani.

"Mnyang'anyeni," niliwaambia.

"Tukimgusa ni rafu, Mama," Sadala akajibu. "Rafu iko kwenye nusu iliyobaki. Atapewa mitupo miwili ya bure."

"Akipewa?"

"Atafunga yote. Yule hakosi."

"Mitupo miwili ni sawa na kikapu kimoja?"

"Ndiyo, pointi ni zile z..." Macho yakamtoka. Ni mtoto mwepesi kuelewa, hilo amelitoa kwangu.

"Msukume basi."

Lakini Mzee Muhidini akanyoosha mkono. "Hakuna kusukuma. Mtu ameketi, wewe unamsukuma? Huo ni unyama wa kikoloni. Timu ya kijiji hiki haitamsukuma mfanyakazi aliyeketi."

Na vijana, kwa adabu tulizowafundisha wenyewe, wakarudi nyuma.

Basi nikaingia mwenyewe. Nilikaza khanga kiunoni, nikapita kati yao, nikamwekea Filemoni mikono miwili mabegani, nikamsukuma kama ninavyosukuma kabati. Alianguka vizuri kuliko nilivyomsukuma.

"Asante, Mama," akaninong'oneza akiwa chini.

Filimbi. Kelele. Hiza alidai meneja si mchezaji, kwa hiyo kusukuma kwangu hakuhesabiki. Ni shari ya mwanamke tu. Mwalimu Mikaeli akasema rafu ni rafu, hata ikiletwa kutoka nyumbani. Mitupo miwili.

Filemoni akatupa wa kwanza. Ndani. Wa pili. Ndani. Korogwe wakawa wanatuzidi kwa pointi tatu, na watu wao wakaruka kwa furaha, wasijue kinachokuja.

Kikapu chake cha tano kilikuwa kimetimia. Filemoni akatoa kadi, aliyokuwa amerudishiwa.

"Kalamu imepotea," Hiza akasema.

"Iko sikioni kwako, nyapara."

"Haina wino."

Nilidhani hapo tumekwama. Lakini Hiza alikuwa amesahau nani waliojaa nyuma yake. Wale mashabiki wa Korogwe, waliokuwa wakiruka sasa hivi, walikuwa wakata mkonge. Hakuna hata mmoja ambaye hajawahi kunyimwa saini na nyapara aliyedai hana wino. Shangwe ikafa. Mzee mmoja wa upande wao akasimama.

"Msainie mwenzetu."

Wakasimama wote. "Msainie." Hawakupiga kelele. Walisema tu, na wakawa wanasogea.

"Mnataka mashine au hamtaki?" Hiza aliwauliza.

"Tunataka. Msainie kwanza."

Kaka yangu akasaini. Nilimwonea huruma, kwa sababu alikuwa kaka yangu, na kwa sababu nilijua huruma hiyo haitanigharimu kitu. Filemoni alilikimbilia gari la Mombo kwa hatua ndefu, kadi mkononi, akapotea vumbini.

Tazameni sasa. Uwanjani tuko watano. Wao hawapo. Mpira ni wetu. Pointi tatu: vikapu viwili tu na mashine yetu. Zuena alikuwa amekwisha kufunua debe. Kina mama wa Korogwe, waliokuja na madebe yao vilevile, walianza kuyafunga.

Nikauliza, "Ngwe ni ya nani?"

Mzee Muhidini alikuwa anapangusa viganja kwenye kaptula.

Baada yake ilikuwa zamu ya Sadala. Mzee afunge kimoja, Sadala afunge kimoja, basi.

Mzee akasogea chini ya goli, akarusha. Mpira ukapanda mpaka chini kidogo ya chuma, ukafikiri, ukashuka. Sadala akauokota, akampa tena kwa mikono miwili. Akarusha. Ukafika palepale. Akapewa. Palepale. Bega lake lilivunjika zamani akiangusha mti, na mkono haukupanda zaidi ya hapo. Kama ungempa mwaka mzima, ungefika palepale.

Uwanja mzima ulimwangalia mzee mmoja akishindana na hewa, na kushindwa.

Mara ya sita hivi, mpira ulimwangukia Sadala mikononi akiwa chini ya chuma kabisa. Angeweza kuuweka ndani kama mtu anayeweka kikombe kabatini.

"Funga," nilimwambia.

"Si ngwe yangu, Mama."

"Sadala, mimi ndiye niliyekuzaa."

"Najua, Mama. Lakini si ngwe yangu. Mkutanoni mlinyoosha mikono, na wewe ulinyoosha."

Nilinyoosha. Nilikuwa nataka mkutano uishe nikapike.

Nikamwendea Mzee Muhidini. "Mwenyekiti, nakuomba. Kwa ajili ya kina mama. Mwachie kijana."

Akanitazama, jasho linamtiririka ndevuni. "Mama Sadala, nilipovunjika bega hili, watu walitaka kunimalizia ngwe yangu. Nilikataa. Nililima kwa mkono mmoja mpaka giza likaingia. Leo unataka nimaliziwe mbele ya Korogwe?"

Nikageuka niondoke.

"Bibi Maendeleo." Zuena alikuwa amesimama nyuma yangu, debe kichwani. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mimi nimetwanga yanga tangu mfungo uliopita. Angalia hapa." Alinyoosha viganja. Vilikuwa kama gome la mti. "Hivi vikirudi kwenye kinu tena, sitakuja kukusikiliza habari ya vyoo maisha yangu yote."

Niliangalia viganja vile. Nikaangalia saa ya mezani. Nikaangalia mpira ukipanda tena, ukifika palepale, chini kidogo ya chuma.

Palepale.

Nikamwita mwamuzi. "Mwalimu, kanuni inasema goli liwe na urefu gani?"

Akapekua. Akapekua tena. "Lazima inasema. Lakini ukurasa huo mbuzi alianza nao."

"Kwa hiyo huwezi kuhukumu."

"Siwezi."

"Vizuri."

Goli letu lilikuwa limesimamishwa kienyeji. Nguzo ilikuwa milingoti mitatu ya mkonge, ile inayochipua katikati mmea ukizeeka, iliyofungwa kwa kamba, myepesi, laini kama muwa mkavu. Juu yake, kwa sababu hatukupata ubao, walikuwa wamepigilia mlango wa ghala la zamani, wa mninga, mzito, ambao wanaume wanne walihema kuupandisha. Chuma kilikuwa rimu ya baiskeli. Ukiikata nguzo kidogo upande wa uwanja, hesabu yangu ilikuwa, italala polepole kuja mbele, vijana wataudaka mlango, na rimu itashuka mpaka kifuani kwa Mzee Muhidini. Afunge ngwe yake kwa heshima. Sadala afunge yake. Twende tukasage.

Nilichukua panga la muuza miwa.

"Mwantumu," Hiza akaniita, na safari hii hakuwa nyapara, alikuwa kaka. "Mwantumu, weka hiyo chini. Nyuma kuna mashine."

"Najua kilichoko nyuma. Ndicho nilichokijia."

"Bwana amesema ikivunjika hakuna nyingine mpaka bajeti ijayo."

"Kwa hiyo haitavunjika. Sadala, kaeni hapa mbele, mdake mlango. Mwenyekiti, shika mpira, uwe tayari."

Nilikata. Pigo la kwanza likazama nusu, jinsi mlingoti ulivyokuwa laini. Pigo la pili nilidhani ndilo la mwisho, na kweli lilikuwa la mwisho. Kamba zikalia. Kwenye meza ya wageni, saa ya Mwalimu Mikaeli ikaanza kulia nayo, na mgeni wa heshima akairukia aizime, asijue kama anazima saa au mchezo.

Mzee Muhidini alinyoosha mpira mbele, macho juu, akingoja goli limfikie. Sadala na wenzake walinyoosha mikono.

Mlango wa mninga ulitikisika juu, ukasita kama mtu anayechagua njia. Kisha nguzo ikaanza kulala, polepole kama nilivyokusudia, ila ililala kwa nyuma.